Miti, Baiskeli na Nafasi ya Gari Lililosimama

Tangazo lilikuwa limefungwa kwa waya kwenye shina la mti wa tatu ukihesabu kutoka makutanoni. Lilikuwa karatasi moja tu ndani ya mfuko wa plastiki, nayo maji ya mvua yalikwisha kupenya chini na kufuta mstari wa mwisho, lakini sehemu iliyobaki ilisomeka bila shida: mti huo na mingine 21 ya upande ule wa barabara ingeondolewa ili kupisha ujenzi wa njia ya baiskeli, na mwenye maoni alipewa siku 28 kuyawasilisha kwa maandishi. Niliisoma karatasi hiyo nikiwa bado nimekaa juu ya baiskeli, mguu mmoja umegusa lami, ndani ya kivuli cha mti wenyewe.

Ni vyema msomaji ajue tangu sasa kwamba mimi ni mtu wa baiskeli. Nimeiendesha kila siku ya kazi kwa miaka mingi, na nimekuwa miongoni mwa wale walioandika barua baada ya barua wakiomba barabara ile itengewe njia ya baiskeli, kwa sababu ni barabara ambayo lori hukupita kwa umbali wa kiwiko cha mkono. Kwa hiyo karatasi ile ilikuwa, kwa namna fulani, jibu la maombi yangu. Niliyoyaomba nilipewa, na pamoja nayo nikapewa hukumu ya miti 22 ambayo sikuiomba.

Katika siku zilizofuata watu waligawanyika upesi kuliko nilivyotarajia. Waliopenda miti walisema waendesha baiskeli ni wachache na wana haraka zao. Waliopenda baiskeli walisema miti hupandwa tena lakini mtoto aliyegongwa harudi. Kila upande ulikuwa na maneno ya kweli, na hilo ndilo lililonisumbua zaidi. Ugomvi ambao pande zote mbili zina haki mara nyingi huwa na mtu wa tatu ambaye hakuitwa barazani, na ilinichukua muda kumtambua.

Kwanza niseme juu ya haki ya baiskeli, kwa sababu wapenzi wa miti huipita haraka mno. Mstari wa rangi uliochorwa kwenye lami haumkingi mtu. Kinachomkinga ni nafasi yake mwenyewe, iliyotengwa na magari kwa ukingo, kwa bustani au kwa mstari wa miti, na isiyokatizwa kila baada ya mita chache. Waholanzi, ambao leo hutajwa kama watu waliozaliwa juu ya baiskeli, walijifunza hili kwa msiba: mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa barabarani nchini Uholanzi, wakiwamo watoto zaidi ya 400. Wazazi waliingia barabarani chini ya vuguvugu lililojiita "Acheni mauaji ya watoto", upungufu wa mafuta wa mwaka 1973 ukaongeza uzito wa hoja yao, na miaka iliyofuata ndiyo iliyozaa mtandao wa njia tunaouona sasa. Hakuna aliyezikuta njia hizo zimeota zenyewe. Nafasi yake ilitolewa mahali, na aliyekuwa akiitumia kabla alipunguziwa.

Haki ya mti nayo haipungui. Mtu aliye ndani ya gari hupita chini ya mti bila kuujua, lakini anayepiga pedali huujua kwa ngozi yake. Siku ya jua kali naweza kufumba macho sekunde moja na kujua kama nimeingia kivulini au nimetoka. Idara ya mazingira ya Marekani hukadiria kwamba uso wa lami au ukuta uliofunikwa na kivuli cha mti huweza kuwa na joto pungufu kwa nyuzi 11 hadi 25 za Selsiasi kuliko ule ulioachwa wazi saa za jua kali zaidi, na kwamba kivuli pamoja na mvuke unaotoka kwenye majani huweza kupunguza joto la hewa yenyewe kwa nyuzi 1 hadi 5. Takwimu hizi si pambo kwa mwendesha baiskeli. Njia nzuri iliyojengwa juani, isiyo na mti hata mmoja, ni njia ambayo mzee, mjamzito na mtoto wa shule wataikwepa saa sita mchana, na tukiwakosa hao tutakuwa tumewajengea watu walewale wenye mapafu na mapaja ya nguvu ambao wangeendesha hata pasipo njia. Kukata miti ili kuwavutia watu kwenye baiskeli ni sawa na kubomoa paa la kituo cha basi ili kupata mahali pa kuweka benchi.

Kuna faida nyingine ambayo wahandisi wenyewe huisema mara chache. Miti iliyopangwa kandokando ya barabara huifanya ionekane nyembamba machoni pa dereva, naye hupunguza mwendo bila kusoma kibao chochote. Ikiwekwa kati ya gari na baiskeli, mashina yake huwa ukuta ambao hakuna mstari wa rangi unaoweza kuufikia. Mti na baiskeli, kwa asili ya mambo, ni wenzi. Swali lililonijia ni nani aliyewagombanisha.

Jumapili iliyofuata, kabla magari hayajawa mengi, nilikwenda na futi ya kupimia, chaki na daftari. Nilifuatana na mama mmoja jirani, ambaye hana gari wala hapandi baiskeli, lakini amekuwa akikaa chini ya miti ile tangu ikiwa ya kimo chake. Yeye alishika ncha ya futi ukutani, mimi nikavuka barabara. Kutoka ukuta hadi ukuta tulipata mita 20. Kila upande kulikuwa na njia ya waenda kwa miguu ya mita 2.5 na ukanda wa miti wa mita 1.5. Katikati kulikuwa na njia mbili za magari, moja kwenda na moja kurudi, kila moja mita 3.8. Na kati ya njia za magari na ukanda wa miti, pande zote mbili, kulikuwa na safu ya magari yaliyoegeshwa, kila safu mita 2.2. Nilijumlisha mara mbili nikiwa nimechuchumaa, chaki mkononi, kisha nikainua macho.

Mama aliniambia, "Mwanangu, hili gari wiki iliyopita si lilikuwa hapahapa?"

Lilikuwa hapo kweli. Majani makavu yalikuwa yamejikusanya mbele ya magurudumu yake kama takataka mbele ya jiwe mtoni, na vumbi kwenye kioo cha mbele lilikuwa na alama za nyayo za paka, za kupanda na za kushuka. Tulitembea safu nzima tukihesabu. Siwezi kudai kwamba yote hayakuwa yametumika, wala sikuwa na njia ya kulithibitisha, lakini niliona kwa macho yangu kwamba barabara iliyodaiwa kuwa haina nafasi ilikuwa imetenga mita 4.4 za upana wake, zaidi ya moja ya tano, kwa vitu visivyotembea. Donald Shoup, mtaalamu wa Marekani aliyetumia maisha yake kuchunguza maegesho, alikuwa akieleza kwamba gari la kawaida husimama asilimia 95 ya wakati wake. Kabla ya asubuhi ile niliichukulia hesabu hiyo kama jambo la vitabuni.

Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Hapa niliona jambo lingine: nyasi mbili zilikuwa zimepiganishwa, na fahali amelala pembeni bila kuulizwa. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya, nadhani. Ni kwamba gari lililoegeshwa lina mwenyewe, naye ana simu, ana kura na ana hasira akiguswa, ilhali mti wa barabarani ni wa wote na kwa hiyo si wa mtu. Kamba hukatikia pabovu, na katika mchoro wa barabara mahali pabovu ni pale ambapo hakuna atakayepiga simu.

Nirudi kwenye hesabu, maana ndiyo iliyobadilisha mazungumzo. Mwongozo wa usanifu wa njia za baiskeli uliotolewa nchini Uingereza mwezi Julai 2020 unapendekeza njia ya uelekeo mmoja iwe na upana wa mita 2, na ile ya pande mbili, yaani ya kwenda na kurudi, iwe na mita 3, penye watumiaji wasio wengi sana, na unaruhusu kupungua kidogo mahali palipobana. Kwa upande wa magari, chama cha maofisa wa usafiri wa miji ya Amerika Kaskazini, kijulikanacho kwa kifupi kama NACTO, kinashauri njia ya gari mjini iwe na upana wa futi 10, yaani mita 3 hivi. Njia zetu zilikuwa mita 3.8. Ukizipunguza mbili hadi mita 3 kila moja unapata mita 1.6. Ukiondoa safu moja tu ya maegesho, ukaiacha ya pili mahali pake, unapata mita 2.2. Jumla ni mita 3.8: njia ya baiskeli ya pande mbili yenye mita 3 kamili, na sentimita 80 za ukingo wa kuitenga na magari. Mti hata mmoja haujaguswa. Si hesabu ya mtaalamu. Ni hesabu ya mtoto wa darasa la tano, na ndiyo maana niliposhika daftari lile mikono ilinitetemeka kidogo, kwa sababu nilifikiri lazima kuna kitu sikukiona.

Kuna vitu sikuviona, na haki inanitaka nivitaje. Njia ya pande mbili iliyowekwa upande mmoja wa barabara ina hatari zake kwenye makutano, kwa kuwa dereva anayekata kona hatarajii baiskeli kutoka upande usio wa kawaida. Mabasi mawili yakipishana katika njia za mita 3 huhitaji uangalifu, na penye mabasi mengi wataalamu huomba sentimita kadhaa zaidi. Magari ya kushusha mizigo yanahitaji mahali. Mambo haya yote hudai kazi ya mhandisi mwenye subira. Lakini ni kazi tofauti kabisa na kushika msumeno, na nilitaka kujua kwa nini msumeno ulikuja kwanza.

Kabla sijafika huko, nitoe tahadhari kwa wanaopigania miti, kwa sababu nilikuwa karibu kulifanya kosa hili mwenyewe. Mti unaweza kubakizwa kwenye mchoro na kuuawa kwenye ardhi. Watu wengi hufikiri mizizi huzama chini kama mti wa pili uliogeuzwa kichwa chini. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya mizizi hukaa katika tabaka la juu, aghalabu ndani ya mita moja ya kwanza, na hutambaa mbali kupita ncha za matawi. Kiwango cha Uingereza cha mwaka 2012 kuhusu miti na ujenzi hupiga hesabu ya eneo la kulindwa kwa kuchukua kipenyo cha shina, kikipimwa mita 1.5 kutoka ardhini, na kukizidisha mara 12. Shina la sentimita 60 hupata duara lenye nusu kipenyo cha mita 7.2. Miti yetu mingi ina ukubwa huo, na hii maana yake ni kwamba duara lake hufika katikati ya lami. Fundi akichimba mtaro wa sentimita 50 kando ya shina ili kuweka mawe ya ukingo, mti hautaanguka siku hiyo. Utaanza kukauka juu baada ya miaka miwili au mitatu, mkandarasi alikwisha kulipwa na kuondoka, na watu watasema ulikuwa mti mzee.

Njia za kuepuka hilo zipo na si za kubahatisha. Udongo unaweza kuondolewa kwa hewa iliyoshindiliwa badala ya jembe au kijiko cha mashine, na mizizi ikabaki uchi lakini mizima, mtu akaona ilipo kabla hajaamua. Njia inaweza kujengwa juu ya mizizi bila kuchimba, kwa kutandaza vyumba vya plastiki vilivyojazwa kokoto ambavyo hugawa uzito na kupitisha maji. Ukingo wa mawe unaweza kukatizwa penye mzizi mkubwa na kuwekewa bamba jembamba. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Cornell kilibuni mchanganyiko wa mawe na udongo unaobeba uzito wa lami huku ukiiacha mizizi ipite kwenye nafasi zilizo kati ya mawe, na mji wa Stockholm umekwenda mbali zaidi: hutumia mawe makubwa yaliyochanganywa na makaa yaliyosagwa, na miti yake ya barabarani iliyokuwa imedumaa imepata nguvu mpya. Mradi wa makaa hayo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji mwaka 2014. Naitaja Stockholm kwa sababu ni mji wa baiskeli pia.

Jibu ambalo idara husika ilitupa kwanza lilikuwa lile linalotolewa kila mahali: kwa kila mti utakaokatwa itapandwa miwili. Nililipokea kwa heshima, na kwa muda lilinituliza. Kisha nikaanza kulipima. Miti haihesabiwi kama viti. Kivuli, maji yanayozuiwa na majani, vumbi linalonaswa, vyote hufuata ukubwa wa kichwa cha mti, na kichwa cha mti wa miaka 50 hakifanani na vichwa vya miche miwili yenye unene wa mpini wa jembe. Isitoshe, miche mingi haifiki. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011 na Lara Roman na Frederick Scatena, waliokusanya matokeo ya tafiti mbalimbali, ulipata kwamba wastani wa maisha ya mti wa barabarani ni kati ya miaka 19 na 28. Maana yake, ukimkatia mtu mti uliofika miaka 50 umemwondolea mti uliokwisha kushinda vita ambavyo wenzake wengi hushindwa, na ahadi ya miche miwili haina hakika kwamba hata mmoja utaona umri huo.

Mji wa Bristol nchini Uingereza umejaribu kuiweka hesabu hiyo sawasawa. Kanuni yake ya kufidia miti hupima unene wa shina: mti mdogo hulipwa kwa mmoja, wa kipenyo cha sentimita 50 hivi kwa mitano, na wenye sentimita 80 au zaidi kwa minane. Napenda kanuni ya namna hiyo kwa sababu inamfanya mchoraji asite kabla hajachora. Ukijua kwamba miti yako 22 itakudai zaidi ya 100, pamoja na mashimo ya kuipanda na watu wa kuimwagilia, utaangalia mara ya pili safu ile ya magari. Cecil Konijnendijk, mtaalamu wa misitu ya mijini, alipendekeza mwaka 2021 kipimo kingine kinachokumbukika kirahisi: kila nyumba ione angalau miti 3, kila mtaa uwe na asilimia 30 ya eneo lake chini ya matawi, na kila mtu aishi ndani ya mita 300 kutoka bustani. Nilipokaa dirishani kwangu na kuhesabu, niliona minne. Mitatu kati yake ilikuwa kwenye orodha.

Miji iliyoipuuza hesabu hii imeilipa kwa njia nyingine. Sheffield, mji mwingine wa Uingereza, ilitia saini mwaka 2012 mkataba wa miaka 25 wa kukarabati barabara zake, na ndani ya mkataba huo mlikuwa na idadi ya miti 17,500 ya kuondolewa na kupandwa upya, karibu nusu ya miti yote ya barabara za mji. Suala lilikuwa lami na mawe ya ukingo, si baiskeli, lakini fikra ni ileile: mti ndio kitu cha kusogezwa, mengine ni ya kudumu. Maelfu ilikatwa. Wakazi wazee walisimama chini ya matawi, baadhi wakakamatwa, na ukataji ukasimamishwa mwaka 2018. Miti mingi iliyokuwa bado inagombaniwa ilipochunguzwa upya, pande zote zikiwa pamoja kwenye shimo lililofunua mizizi, ilionekana kwamba ingeweza kubaki kwa marekebisho madogo ya ukingo na njia ya miguu. Ripoti ya uchunguzi huru wa sakata hilo, ulioongozwa na Mark Lowcock, ilitoka mwaka 2023 na mji ukaomba radhi. Mwaka huohuo kilianza kutumika kifungu cha sheria ya mazingira ya Uingereza ya mwaka 2021 kinachozitaka mamlaka za barabara kuwasikiliza watu kabla ya kukata mti wa barabarani. Jambo linalonigusa katika habari ile ni hilo shimo: kwamba mabishano ya miaka yalipungua pale watu walipoinama na kutazama mzizi mmoja mmoja.

Ndilo tuliloomba. Barua yetu ilikuwa na sahihi za watu wa miti na za watu wa baiskeli kwenye karatasi moja, jambo lililohitaji mikutano mitatu na uvumilivu mkubwa wa yule mama, ambaye kila sauti zilipopanda aliuliza tu kama kuna aliyekuja na futi. Tuliitwa. Mhandisi aliyetupokea alikuwa mtu mpole na mkweli, na nilipomwonyesha daftari hakubishana na hata tarakimu moja. Alisema maneno ambayo nimeyatafakari mara nyingi tangu siku ile: kwamba maegesho hayakuwa sehemu ya kazi aliyopewa. Aliambiwa atafute njia ya baiskeli bila kupunguza maegesho wala upana wa njia za magari. Mwenye kufungiwa milango hiyo miwili hubaki na ukanda wa miti na njia ya waenda kwa miguu, na kati ya hivyo viwili alichagua kuwaacha watu watembee. Katika masharti yale hakukosea. Uamuzi ulifanyika kabla mchoro haujaanza, katika sentensi ambayo sisi wananchi hatukuwahi kuisoma, na tulipoitwa kutoa maoni tuliulizwa juu ya matokeo yake tu.

Baadaye walikuja na mashine ya hewa na kufungua mashimo manne ya majaribio. Katika shimo la pili, chini ya lami ya maegesho, kulikuwa na mzizi mnene kama paja, umefika ukingoni na kugeuka, ukafuata mstari wa mawe kwa mita kadhaa kama mtu anayetafuta mlango, kisha ukapenya penye ufa. Kijana aliyeshika bomba alizima mashine ili tuutazame. Ngozi yake ilikuwa na rangi ya udongo mbichi, na vijizizi vyembamba kama nywele vilikuwa vimejaza nafasi yote kati ya kokoto. Fundi mkuu alichora alama ya buluu juu ya ukingo pale ulipopita.

Mchoro mpya umetoka. Safu moja ya maegesho inaondoka, isipokuwa nafasi mbili za watu wenye ulemavu na moja ya kushusha mizigo, ambazo zimewekwa pale ambapo ukingo wa baiskeli unaweza kupinda bila kuuvunja. Njia za magari zinakuwa mita 3. Miti 19 inabaki na mitatu inakatwa, na nimeweka sahihi yangu kukubali mitatu hiyo. Mmoja una uvimbe wa kuvu chini ya shina na ukiugonga kwa nyundo unaitikia kama ngoma. Miwili iko kwenye mdomo wa makutano, mahali ambapo dereva anayekata kona asingemwona mtoto anayekuja kwa baiskeli hadi awe mbele ya gari. Hilo lilikuwa gumu kwangu, kwa maana miti hiyo ni mizima, lakini nilisimama pale na baiskeli ya mtoto wa jirani huku mwenzangu akikaa kwenye kiti cha dereva, na kwa hatua nne nilipotea kabisa machoni pake. Wapo wenye magari ambao sasa wamekasirika, na baadhi yao wana sababu: mmoja anarudi kazini usiku wa manane na atalazimika kutembea mbali. Sioni aibu kusema kwamba tumempunguzia jambo, wala sioni vyema kumwambia halina uzito.

Limebaki jambo moja katika mchoro, nalo ndilo ninaloliandikia barua ya pili. Maelezo ya ujenzi, ukurasa wa mwisho, bado yanataja kuchimba kwa mashine hadi sentimita 45 chini ya njia yote ya baiskeli, na nina hakika sentensi hiyo imenakiliwa kutoka mchoro wa kwanza, ule ambao haukuwa na mti. Njia sasa inapita juu ya lami iliyokwisha kubeba magari kwa miongo. Inatosha kukwangua sentimita chache za juu na kutandaza upya, na penye alama za buluu kusichimbwe kabisa. Nimeomba sentensi hiyo ifutwe na badala yake iandikwe kina cha juu kabisa kinachoruhusiwa kwa kila mti, kwa namba yake, kuanzia wa 1 hadi wa 19. Mapokezi ya maoni yanafungwa Ijumaa saa kumi jioni.